Usifungue Ghala Kabla Hujajua Chumba



Jioni hii nina neno na mzazi wa hapa Mbarali ambaye mtoto wake amemaliza kidato cha sita na anaelekea chuo cha mbali: Dodoma, Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza, hata ng'ambo ya maji, Unguja. Mada yetu ni vifaa vya chumba cha mwanafunzi. Godoro, shuka, ndoo, chandarua na wenzake wote. Lakini nitaanzia ghalani, kwenye mpunga, kwa sababu kwa wengi wetu huku hakuna ndoo inayonunuliwa bila gunia kuuzwa.

Mpunga wa Usangu tunauvuna kuanzia Mei hadi Julai. Matokeo ya kidato cha sita nayo hutoka Julai. Maombi ya vyuo yanafanyika Julai na Agosti, majina ya waliochaguliwa yanatoka kwa awamu, na mwaka wa kwanza hawaingii chuoni mpaka Oktoba au Novemba. Sasa ziweke kalenda hizo mbili pamoja. Furaha inafika Julai, wakati mashine za kukoboa hapa Ubaruku zinaunguruma usiku na mchana, mpunga umejaa kila kona na bei imelala. Mahitaji yenyewe yanafika Oktoba na Novemba, wakati maghala yameanza kuonyesha sakafu na bei imeanza kunyanyuka. Mzazi anayenunua kwa furaha anauza gunia kwa bei ya chini ili apate godoro ambalo hajui litalala kwenye kitanda gani. Mzazi anayengoja barua ya chuo anaelekea kuuza gunia lile lile kwa bei nzuri zaidi, na ananunua kile anachojua kinahitajika.

Ndiyo maana nasema: usifungue ghala kabla hujajua chumba.

Najua kuna anayenijibu huko aliko, "Ghala lenyewe liko wapi?" Wapo ambao mpunga wao uliuzwa ungali shambani, kwa mfanyabiashara aliyewakopesha hela ya mbolea na palizi. Wapo wenye wagonjwa, wenye madeni ya kukodi shamba, wenye watoto wengine shuleni. Hao siwaambii wabane magunia ambayo si yao. Nasema tu kwamba kama una uwezo wa kutenga mawili, matatu, yatenge sasa, yape jina la mtoto, na familia nzima ijue hayaguswi. Akiba haiozi, wahenga walisema, ingawa mpunga uliowekwa na unyevu wake unaoza vizuri sana, kwa hiyo uanike kwanza na uuweke juu ya chaga.

Tuje kwenye chumba. Mtoto wetu atalala wapi? Hilo ndilo swali la kwanza, na majibu yake yako matatu: hosteli ya chuo, hosteli ya mtu binafsi, au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani.

Vyuo havifanani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa tangu mwanzo kipokee hadi wanafunzi 40,000, na mabweni yake yamesambaa juu ya vilima pamoja na madarasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kikongwe, kiko ndani ya jiji, na watoto ni wengi kuliko vitanda. Zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, zikapunguza shida, hazikuimaliza. Ndiyo maana wanafunzi wa pale wana jambo lao wanaloliita kubebana. Mmoja amepata kitanda, rafiki yake hakupata, basi wanalala wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule, mpaka mwenzake apate pa kwenda.

Sasa wewe mzazi umemnunulia mtoto godoro la futi nne kwa sita, unene inchi nane, kwa sababu unampenda. Umelikunja, umelifunga kamba za katani, umelibeba mpaka stendi. Kondakta analizunguka mara mbili, anakutajia nauli yake peke yake. Linapanda juu, linapita Iringa, linashuka usiku huku mtoto akilikumbatia mbele ya bodaboda watatu wanaogombea abiria. Akifika hosteli anakuta kitanda cha chuma cha ghorofa mbili, chembamba, na pengine tayari kina godoro lake. Lile lake linakunjwa kama chapati, linasukumwa uvunguni, au linauzwa nusu bei kabla ya wiki kwisha. Na kuna godoro linalouzwa madukani kwa jina la Dodoma. Ukikuta mtu analisafirisha kutoka huku kulipeleka Dodoma, msalimie kwa heshima, lakini usimuige.

Godoro linanunuliwa linakolaliwa. Pima kitanda kwanza. Ndoo, beseni, ufagio, kamba ya kuanikia na hanga navyo vinapatikana jirani na kila chuo nchini, kwa sababu wafanyabiashara wa pale wanaijua Oktoba kama sisi tunavyoijua Juni. Wanavipanga barabarani kabla hata mabasi hayajafika. Bei inaweza kuzidi ya Ubaruku kidogo, lakini ongeza gharama ya mzigo kwenye basi, bajaji ya kutoka stendi, na beseni litakalopasuka njiani, halafu fanya hesabu upya.

Basi atoke na nini nyumbani?

Cha kwanza ni karatasi. Najua unataka nianze na shuka, lakini hakuna mtoto aliyekosa usajili kwa sababu ya shuka. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo za kutosha, barua ya kuchaguliwa, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na kugongwa muhuri hospitali. Fomu hiyo usiiache mpaka wiki ya mwisho, ukajikuta Rujewa kwenye foleni na watoto wa wilaya nzima. Toa kopi za kila kitu, ziweke kwenye begi tofauti na zile halisi. Tenga na fedha ya bima ya afya ya mwanafunzi kwa mwaka, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, kama hana bima nyingine. Karatasi hizi ni nyepesi kuliko godoro, na bila hizo hata pa kuliweka hilo godoro hatapata.

Cha pili, shuka jozi mbili na foronya zake. Hizi ni nyepesi, zinakaa kwenye begi, na huku kwetu unaweza kuchagua kwa nafasi bila kukimbizwa. Chandarua pia, kama familia ina cha ziada, maana Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza mbu hawana likizo. Kufuli mbili imara, moja ya kabati na moja ya begi. Huko anakokwenda atakaa na watoto wa watu asiowajua, na mlango mmoja unafungwa na wanne au sita. Kandambili za kuogea. Sabuni za mwezi wa kwanza. Sahani, kikombe, kijiko.

Kwa wenye mabinti, naomba hapa akina baba wasizime redio. Taulo za kike ziwe kwenye orodha ya vifaa, za miezi mitatu ya mwanzo, zimenunuliwa na zimefungwa kwenye begi. Msichana aliyefika mji mgeni, hela zake zimekwisha kwenye usajili, ataona haya kupiga simu kwa baba kuomba fedha ya pedi. Atasema anaumwa kichwa, hatakwenda darasani. Baba mwenye busara haulizi, anampa mama hela na kusema, "Kamalize orodha yote."

Blanketi lina hesabu yake. Sisi wa bonde la Usangu jua letu kali, tunadhani baridi yote tunaijua. Mtoto akipanda Mbeya mjini kusoma MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kule Iyunga, au akivuka kwenda Iringa kwenye vile vyuo vya mjini na Mkwawa, Juni na Julai atakutana na baridi inayoliona blanketi la Ubaruku kama mzaha. Huyo mpe zito, na sweta. Ila anayekwenda Dar es Salaam, blanketi zito ni mzigo wa bure. Shuka na khanga zinamtosha mwaka mzima. Dodoma iko katikati: mchana jua na vumbi, lakini katikati ya mwaka usiku unauma. Kabla hujanunua blanketi, muulize mtu anayeishi huko, usiulize ngozi yako.

Na tofautisha chuo na sekondari. Tumezoea ile karatasi ya kujiunga na shule ya bweni: jembe, kwanja, ufagio, ndoo, rimu ya karatasi, na sanduku la bati la kutia vyote. Chuo Kikuu hakimwombi mtoto kwanja. Wazazi wengine wanaendelea kununua kwa mazoea yale, sanduku linakuwa zito na ndani yake nusu ya vitu havina kazi. Barua ya chuo isome mstari kwa mstari, na kama kozi yake ina vifaa maalumu, koti jeupe la maabara, vyombo vya kuchorea, kikokotoo cha aina fulani, ngoja walimu waseme ni kipi. Ukinunua kwa kukisia utanunua mara mbili.

Laptopu. Hapa ndipo nyumba nyingi zinagombana. Mtoto anasema bila hiyo hasomi. Baba anasema yeye alisoma kwa kibatari. Wote wawili wapunguze. Kompyuta ni chombo cha kazi siku hizi, hilo halina ubishi, lakini si lazima iwe mkononi siku ya kwanza. Vyuo vina maktaba na vyumba vya kompyuta. Mwache akae wiki kadhaa, ajue kozi yake inataka mashine ya nguvu gani, aulize waliomtangulia wananunua wapi, ndipo umtumie fedha. Anayesoma sheria na anayesoma uhandisi hawahitaji mashine moja.

Sasa mchele. Msikilizaji, sisi tunakaa juu ya dhahabu nyeupe. Kiroba cha kilo 25, kwa mtu mmoja anayepika robo kilo kwa siku, ni siku 100. Huo ni karibu muhula mzima wa masomo. Kitu kama hicho hakipatikani kwenye duka lolote la vifaa vya hosteli, na kwetu kinatoka mashineni hapo jirani. Ukiongeza maharage debe moja, hujampa mtoto mapambo, umempa miezi mitatu ya kutoshtuka.

Ila uliza kwanza kama atakuwa na mahali pa kupikia. Vyuo vingi vinakataza kupika vyumbani, na sababu iko wazi: jiko la umeme, jagi, pasi na hita ya maji vikichomekwa kwenye nyaya moja katika chumba cha watu sita, kinachofuata ni moto. Mzazi anayemfungia mtoto jiko la koili ndani ya nguo ili lisionekane getini anamfundisha uhalifu mdogo wenye hatari kubwa. Kama ni hosteli isiyo na jiko, mchele usiende kama chakula. Kama ni geto, uende, na jiko la gesi dogo akalinunue huko huko. Mtungi wa gesi haupandi basi pamoja na abiria.

Na hata asipopika, mchele una njia nyingine. Kule Dar es Salaam wachuuzi wanatangaza mchele wa Mbeya, mchele wa Kyela, na wateja wanaufuata. Sehemu ya huo unaoitwa wa Mbeya umelimwa hapa Mbarali, na wewe unayenisikiliza unajua umetoka jaruba la nani. Kijana mwenye akili ya biashara akifika na kiroba kimoja, akakipima kilo kilo kwa wenzake waliopanga mitaani na kwa mama ntilie wa karibu, amepata hela ya godoro bila wewe kuuza gunia Julai. Wapo vijana wa Usangu wanaofanya hivyo kila muhula. Hawajioni wachuuzi, wanajiona watoto wa wakulima wanaojua walichonacho.

Nimalizie hesabu kwa kitu ambacho hakionekani dukani: fedha taslimu ya mwezi wa kwanza. Wengi tunategemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile posho wanafunzi wanayoiita bumu. Mwaka 2022 Serikali iliipandisha, ya chakula na malazi, kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na ya vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ni msaada mkubwa. Lakini bumu halimngoji mtoto stendi ya Dodoma. Lazima asajiliwe kwanza, afungue akaunti, jina litoke, asaini, na fedha huja kwa awamu. Kati ya kushuka basi na kusaini zinaweza kupita siku, zinaweza kupita wiki. Na si kila mtoto anapata mkopo, wala si kila anayepata anapata wote.

Katika kipindi hicho ndipo vifaa vyote ulivyomnunulia vinageuka vya kuuza. Nimeshuhudia vijana wenye begi jipya la magurudumu, spika ya muziki, pasi ya mvuke na mapazia ya kitanda, wakiuza pasi ili wale. Wenzao waliokuja na begi la mitumba kutoka Makambako na fedha ya chakula ya mwezi mmoja walikuwa wametulia, wanasoma ratiba. Kwa hiyo ukigawa fedha ya gunia, nusu ya kwanza iwe ya chakula, kodi na usajili. Nusu ya pili ndiyo vifaa. Na usimpe yote mkononi safarini. Tuma kidogo kidogo kwa simu, kubali makato, ulale.

Nina pendekezo moja kwa jamii yetu. Kila Juni na Julai wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaondoka vyuoni. Wanauza magodoro, ndoo, meza ndogo, jagi na chandarua kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawawezi kubeba. Miezi mitatu baadaye watoto wetu wanafika na kununua vile vile vipya. Katikati hakuna anayevitunza. Hapa Mbarali tuna vikundi vya kuweka na kukopa, tuna vyama vya wakulima wa umwagiliaji, tuna misikiti na makanisa, na kila mji wenye chuo una mtu wa kwetu anayeishi huko: fundi, mwalimu, askari, mama lishe. Tushindwe nini kumwomba huyo mmoja atunze magodoro kumi stoo kuanzia Julai hadi Oktoba? Wanafunzi wetu wanaomaliza wawaachie wanaoanza, kwa bei ya kindugu au bure. Hakuna ofisi ya kufungua hapo. Ni simu mbili na daftari moja.

Nimesema daftari, na mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo leo usiku, baada ya chakula, kaa na mwanao. Chukueni karatasi, mpige mistari miwili ipatikane safu tatu. Safu ya kwanza: vinavyotoka nyumbani. Ya pili: vitakavyonunuliwa huko. Ya tatu: vya kungoja mpaka chuo kiseme. Kalamu ashike yeye. Kama hawezi kuamua safu ya pasi na safu ya chandarua akiwa mezani kwako, ataamuaje akiwa peke yake sokoni Majengo, Dodoma, au Kariakoo, na muuzaji anamwita "msomi" huku akimpandishia bei? Afadhali ajikwae hapa nyumbani, mkiwa mnacheka naye.

Ndugu na jamaa watakuja kumuaga, na kila mmoja atataka kuleta kitu. Shangazi analeta khanga, baba mdogo analeta taa, jirani analeta thermosi. Wapokee, washukuru. Lakini orodha ikiwepo, mama anaweza kusema bila kumuudhi mtu, "Wifi, thermosi anayo, ila kufuli bado," au "Shemeji, hilo tunalingoja mpaka afike." Mkono wa heri unapata mahali pa kugusa.

Na magunia yale uliyoyatenga, yakifika Oktoba na chumba kimejulikana, yafungue bila hofu. Hapo kila shilingi itakuwa na kazi yake na mtoto ataijua. Mimi naishia hapa kwa leo. Wiki ijayo muda kama huu tutazungumza na wanaopanga mageto: mkataba wa chumba, kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali unayemlipa kabla hujaona mlango.